Kisanduku Kilichobaki Wazi

Mhangalo, Uluguru
12 Mei 2024

Mwanangu Upendo,

Tumsifu Yesu Kristo. Karatasi hii imeshuka mlima juu ya magunia ya kabichi, kwa hiyo ikinuka usinilaumu mimi. Goti la mama yako linaendeleaje? Mwambie wifi yake anamsalimu sana, na ile dawa ya kuchua niliyompa asiwagawie majirani wote wa Mwanza, maana mti wake siku hizi tunaufuata mbali. Migomba ya nyuma ya nyumba yenu imezaa, ila nyani wanakula kuliko sisi. Stroberi zangu zimeoza shambani kwa mvua. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili.

Najua umeshasikia, lakini nataka usikie kwangu. Jumapili ile, kunapambazuka, watu wanachota maji ya kuoga waende misa ya kwanza, mto ulishuka na mawe na magogo ukapita kitongoji cha Bondeni. Tumezika watu saba. Mzee Fransisko, yule jirani yetu aliyekuwa akikuletea mapera ukiwa mdogo, amempoteza mkewe na wajukuu wawili.

King'ora hakikulia. Kile kile cha baba yako kilichoko juu ya mnara wa kanisa. Unakumbuka mwaka ule kilivyolia, watu wote wakakimbilia shuleni, mto ukachukua nyumba tupu? Safari hii boya la kupimia maji lilipanda huko mtoni, waya ulikuwa mzima, kompyuta inayokiendesha ilikuwa inawaka kibandani, na king'ora kikakaa kimya.

Sasa ndugu yako Erick yuko mahabusu huko Morogoro mjini. Yeye ndiye aliyeutunza mtambo tangu mjomba wake, yaani baba yako, atangulie. Wengine wanasema alilala, wengine wanasema aliuzima ili asisumbuliwe. Kosa waliloandika ni kusababisha vifo kwa uzembe. Nikimuuliza ananijibu neno moja tu: "Mama, kisanduku kilikuwa wazi tangu Jumamosi, nikakiacha kama mjomba alivyotufundisha." Na ni kweli baba yako alitufundisha hivyo. Kompyuta ikileta kisanduku chenye swali usiloliweza, usibonyeze kitu, kiache hapo, niite.

Wakili wake, binti mmoja wa msaada wa kisheria anayeitwa Maimuna, anauliza swali hili: kisanduku kikiwa wazi kwenye kioo, kinaweza kuzuia king'ora? Ametafuta mtu wa kumjibu. Vijana wanaosomea kompyuta mjini wanamwambia lugha aliyotumia baba yako ni ya kizamani, hawakufundishwa. Wewe alikufundisha yeye mwenyewe, ukiwa bado unavaa sare ya shule. Kompyuta ni kielelezo, iko polisi. Lakini nilikuwa na flash yake kabatini yenye maandishi yote ya mtambo, nimeifunga humu kwenye kitambaa. Ijaribu, mwanangu, kisha uniandikie.

Sitaki simu. Mtandao unapatikana kule kwenye kilima tu, na pale kila neno lina wasikilizaji wake. Andika kwa sanduku la posta la parokia, dereva wa paroko ataniletea.

Shangazi yako,
Yuliana


Mwanza
9 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia salama pamoja na flash. Mama anakusalimu, goti lina nafuu ila ngazi za hapa zinamtesa. Kazi chuoni inaendelea, nina madarasa mengi muhula huu na mitihani iko karibu. Poleni sana kwa msiba. Nilipowaambia wenzangu ofisini kwamba ni kijijini kwetu, nilishindwa kumaliza maneno. Mpe pole mzee Fransisko kwa niaba yangu.

Kuhusu ulilouliza, nimefanya kama ulivyotaka. Nilitafuta kompyuta ndogo ya zamani, nikaweka ile lugha yake ya Visual Basic kwa CD ya baba, ile yenye mikwaruzo. Maandishi yote yapo. Ni kama kumsikia anaongea. Nikayakamilisha yawe programu inayojitegemea, nikaiwasha. Kisha nikalazimisha kile kisanduku kinachouliza kama kumbukumbu za zamani zifutwe, nikakiacha wazi bila kukijibu, nikaigiza boya linapanda. King'ora kililia. Nilirudia tena, kikalia.

Kwa hiyo shangazi, kisanduku hakizuii king'ora. Nasikitika kukuandikia hivi. Pengine kuna waya ulilegea, au kuna kitu Erick hajakisema. Nakushauri mumsikilize wakili.

Naomba unielewe pia kwamba mtambo ule si mimi niliyekabidhiwa. Siku tulipomaliza matanga, wazee wa lukolo, yaani ukoo wenu, walikaa, na kama ilivyo desturi yetu Waluguru mpwa akapewa vya mjomba wake. Kibanda, kompyuta, ufunguo. Mimi mtoto niliyesomea kazi hiyohiyo niliondoka na CD. Silaumu desturi, nakumbusha tu kwamba sijaugusa mtambo tangu hapo, na sijui ulikuwa unatunzwaje.

Msalimie kila mtu.

Mwanao,
Upendo


Mhangalo
7 Julai 2024

Upendo mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Ahsante kwa salamu. Baridi huku imeingia, moshi hautoki jikoni tangu asubuhi. Ng'ombe wa parokia amezaa ndama mwenye paji jeupe. Hizo ndizo habari njema, nimezimaliza.

Mbaya ni nyingi. Nikishusha mboga sokoni, wanawake wa kwetu hawapangi tena karibu na mimi. Kanisani benchi letu tunakaa mimi na mto wa kupigia magoti. Mzee Fransisko nikimsalimia anaangalia miguu yangu. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya kubaya zaidi. Pole yako sikuifikisha, maana pa kuifikishia hapapo.

Nilikwenda kumwona Erick. Amekonda, na anakohoa kikohozi cha chini, cha kifua. Nikamsomea majibu yako. Akasikiliza, akasema, "Upendo anajua kazi yake, mama." Basi. Akaniuliza kama ndizi zimeiva.

Lakini mimi ni mbishi, unanijua. Nilirudi nikamwita mwalimu Victor wa shuleni kwetu, aliyekuwa akimsaidia Erick kibandani, nikamwambia anieleze mtambo ulivyokuwa unawashwa, hatua moja hadi nyingine, kama unavyomweleza mtu kupika ugali. Akasema hivi. Wanafungua ile programu ya kuandikia. Yanatokea maandishi ya baba yako. Halafu juu kuna kimshale kama cha kuwashia redio ya kaseti, wanakibonyeza, mtambo unaanza kazi. Hakuna programu nyingine waliyoifungua hata siku moja. Ndivyo baba yako alivyokuwa anafanya tangu mwanzo, kwa sababu kila wiki alikuwa na neno la kurekebisha, na alitaka maandishi yawe karibu na mkono. Nao wakaendelea hivyohivyo.

Wewe umeandika kwamba uliyakamilisha kwanza. Je, ukiwasha kama walivyowasha wao, king'ora kinalia? Mimi sijui maana ya tofauti hiyo. Nakuuliza wewe uliyesoma.

Na jambo la mwisho. Kama kuna kingine chochote unachokijua kuhusu Jumamosi ile, karatasi zipo dukani, wino upo. Andika. Mimi ni mtu mzima, nimezika mume na kaka, hakuna neno litakaloniua.

Shangazi yako,
Yuliana


Mwanza
22 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa. Mama alilazwa, sukari ilipanda, kisha ikaja mitihani, kisha usahihishaji. Sasa yuko nyumbani, anakula vizuri na anagomba vizuri. Anasema anazitamani zile njegere za huko.

Nimejaribu kama ulivyoeleza. Nilijaribu mara tu nilipopata barua yako, sitakuficha hilo.

Hakikulia.

Nitakueleza kwa urahisi. Ndani ya mtambo wa baba kuna kitu kama saa ndogo. Kila dakika saa hiyo inaamka, inaangalia boya, likiwa juu inapiga king'ora. Programu ikishakamilishwa na kujitegemea, saa inaendelea hata kisanduku kikiwa wazi. Lakini ukiiwasha kutoka ndani ya ile programu ya kuandikia, kwa kimshale, kisanduku kikifunguka saa inasimama. Haiamki tena mpaka mtu ajibu Ndiyo au Hapana. Hata ile alama ya pembeni ya kufungia imezimwa, hakuna njia ya tatu. Boya linaweza kupanda na kushuka siku nzima, hakuna anayeliangalia. Na kwenye kioo haionekani kwamba kuna kilichosimama. Kinaonekana kisanduku tu.

Tulipokuwa tunafundishwa, hili lilikuwa jambo la wiki ya kwanza. Kamilisha kazi yako kabla ya kumpa mtu. Baba alilijua. Hakuwahi kuukamilisha.

Sasa unaona ninapokwama, shangazi. Nikisimama mahakamani nikayasema haya, nitakuwa nasema kwamba waliokufa Bondeni waliuawa na uzembe wa baba yangu Simon, mtu ambaye jina lake limechorwa chini ya mnara, ambaye watu wa Mhangalo wanamwombea misa kila mwaka. Kaburi lake liko njiani, kila mtu analipita. Unadhani watalifanya nini? Mama anaishi kwa jina hilo. Hana kitu kingine. Na wewe ni dada yake, mmenyonya ziwa moja. Utakaa benchi gani siku hiyo?

Labda wakili aseme tu kwamba mitambo huharibika. Labda mahakama itamhurumia Erick kwa kuwa hana kosa la nyuma. Nakuomba uyafikirie haya kwa moyo mtulivu kabla ya kunitaja kwa yeyote.

Mwambie Erick ninamwombea.

Mwanao,
Upendo


Mhangalo
3 Novemba 2024

Upendo,

Salamu zako nimezipata. Mama yako apone. Njegere nimemfungia, zimo kwenye kifurushi hiki, azipike kwa nazi kama anavyopenda. Yeye hana kosa.

Sasa tuzungumze.

Unaniuliza nitakaa benchi gani. Nimeshakaa peke yangu tangu mwezi wa tano, kwa hiyo usijisumbue na mabenchi yangu. Kaka yangu nilimpenda kabla hujazaliwa. Nilimbeba mgongoni kwenye mteremko huu huu. Kama alikosea, alikosea akijaribu kuwaokoa watu, na angekuwa hai angeshuka Morogoro kwa miguu kwenda kusema "ni mimi" kabla polisi hawajamvua Erick kamba za viatu. Hilo unalijua. Usijifunike blanketi la marehemu.

Katika barua yako ya kwanza ulisema ulifungua kile kisanduku kinachouliza kama kumbukumbu za zamani zifutwe. Mimi sikukuandikia kisanduku kiliuliza nini. Rudia barua yangu uisome. Niliandika kwamba kulikuwa na kisanduku, basi. Mtambo ule una visanduku vingi, hata mimi nisiyejua najua hivyo. Ulijuaje kwamba ni hicho?

Nitakuambia ulijuaje, kwa sababu nilikuwepo.

Jumamosi ile mchana Erick alikuja mbio nyumbani. Kisanduku kimefunguka, kinauliza jambo la kufuta. Aliogopa kubonyeza Ndiyo, maana humo kuna mvua zote alizopima mjomba wake mpaka wiki aliyokufa. Aliogopa kubonyeza Hapana, asije akaharibu. Mwenye kuitwa amekufa. Nikamwambia, basi mwite mtoto wake. Mimi ndiye niliyesema hivyo, Upendo. Tukapanda kilimani na mwavuli mmoja, yeye hana salio, tukaazima simu ya Said muuza duka. Simu ya Said haisikiki mpaka uweke ile sauti kubwa. Kwa hiyo nilikusikia kama unavyonisoma.

Alikusomea kisanduku chote, neno kwa neno. Nyuma yako kulikuwa na muziki wa harusi. Ukamwambia: "Si wewe ndiye mrithi, Erick? Lukolo yenu ilikaa ikakupa wewe, sasa hangaika nacho. Usiguse kitu, kiache hivyohivyo, tutaongea Jumatatu." Ukakata.

Akasema, "Ahsante, dada," kwa simu iliyokwisha kukatwa. Tukateremka. Akakiacha hivyohivyo. Mvua ikazidi.

Sasa elewa kwa nini sikusema. Nilitaka kusema siku ya kwanza polisi walipofika. Erick akanishika mkono, akaniambia kwa Kiluguru wasielewe, nisithubutu. Alisema, "Wakimchukua na Upendo, nani atamtunza mke wa mjomba?" Akamwapisha Said pia. Mbele ya hakimu ameulizwa, ulimwita mtu yeyote? Akajibu hapana. Mwanangu hajui kudanganya, alijibu akiangalia dari. Maimuna alinitazama. Nikaangalia chini.

Nimekuandikia mara mbili nikikuachia mlango wazi uingie mwenyewe. Ukaniandikia habari za goti na mitihani. Ukasema utamwombea. Mwombee, lakini anakohoa damu sasa, wamempeleka hospitali wakamrudisha, na amekuwa mwepesi kiasi kwamba nilipomkumbatia nilihisi mbavu kama tenga. Kesi itasikilizwa tena tarehe tisa Desemba. Nina hasira na wewe mpaka meno yananiuma. Pia nakupenda, na hilo linanitia hasira zaidi.

Sikuombi useme ulichosema kwenye simu. Hilo ni lako na Mungu wako. Nakuomba uje na hiyo kompyuta uwaonyeshe saa inavyosimama.

Yuliana


Mwanza
26 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani leo.

Nitakuja. Nimeomba ruhusa, nimekata tiketi, nitashuka stendi ya Msamvu, Morogoro, tarehe saba jioni na nitalala kwa masista. Nimempigia wakili Maimuna, nimemwambia nitaonyesha mtambo ukiwashwa kwa njia zote mbili. Nimemwambia pia habari ya simu. Akaniuliza kama nipo tayari kuisema kwa kiapo. Nikamwambia ndiyo.

Sikuwa na haraka yoyote siku ile. Nilikuwa nimekaa na sahani ya pilau mapajani. Ningemwambia abonyeze Hapana, yangeisha. Ni neno moja, na nililijua palepale aliponisomea, kwa sababu nilikuwa na baba siku alipoandika kisanduku kile. Nilimnyima kwa sababu alipewa yeye. Nilitaka ahangaike mpaka Jumatatu, ajue kwamba ufunguo wa kibanda si ujuzi. Kisha nikazisikia habari za Bondeni. Halafu nikajipanga nisijulikane, nikawa mzuri katika hilo.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza kwa nini hakikulia. Nilipoyakamilisha maandishi kabla ya kujaribu, nilijua ninachokifanya.

Mwambie Erick nakuja. Usimwambie kingine, nitamwambia mwenyewe.

Upendo


Mhangalo
11 Desemba 2024

Mwanangu Upendo,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako ya tarehe ishirini na sita imenifikia leo, dereva alikuwa na homa. Kwa hiyo niliyokuwa nayo mkononi tulipoonana Morogoro ni maneno yako ya mdomo tu, na siku ile sikuyasikia. Nisamehe kwa kukupa mgongo pale mlangoni pa mochari. Nilikuwa nimetoka kumvalisha.

Nakuandikia sasa yale nisiyoweza kukuambia.

Erick alikufa tarehe sita, wewe ukiwa unajiandaa na safari. Niliwakataza wasikupigie. Simu ndiyo iliyotufikisha hapa, nilisema, hatazikwa kwa simu. Ulifika ukamkuta sandukuni. Ulipokaa kwenye gari nyuma pamoja na jeneza mpaka mlima ulipoanza, sikukukataza, ila sikukuangalia. Ulipoondoka siku iliyofuata mazishi bila kuaga nilikasirika. Kisha nikasema, angemwaga nani?

Mahakamani waliambiwa mshtakiwa amefariki, wakafunga jalada. Maimuna aliwaomba wakusikilize hivyohivyo. Hakimu alikuwa mpole. Akasema kesi imekwisha na mwenyewe, hakuna wa kumsikilizia ushahidi. Kwa hiyo mwanangu hakuonekana na hatia wala hakuonekana safi. Huku Mhangalo wanasema amekufa kwa laana ya Bondeni. Mazishini tulikuwa wachache. Mzee Fransisko alisimama ng'ambo ya barabara na kofia mkononi, hakuingia.

Vielelezo vimerudishwa. Jana mwalimu Victor aliirudisha kompyuta kibandani, akaunga nyaya, maana vuli imechelewa lakini inaanza kugonga, na Bondeni watu wamejenga tena palepale. Wataenda wapi? Akafungua yale maandishi, akabonyeza kimshale kama siku zote. Sikuwa nimewahi kukiona kile kisanduku kwa macho yangu. Kilikuja hapohapo, maana kumbukumbu bado zimejaa. Nikavaa miwani, nikasoma:

"Kumbukumbu zimejaa. Nifute za zamani? Ukiwa na shaka usibonyeze. Niite. Simon."

Nililia, Upendo. Nilikuwa sijalia tangu hospitali. Victor akauliza, "Mama Erick, nibonyeze wapi?" Barua yako, ambayo jibu limo ndani yake, ilikuwa bado mfukoni mwa dereva mgonjwa.

Sasa ninalo. Bonyeza Hapana, umesema. Namtuma Victor sasa hivi. Lakini nikiketi nafikiri, kitarudi tena mwezi ujao au mwaka ujao, na saa itasimama tena, na atakayekuwa kibandani atakumbuka alivyofundishwa, atakiacha wazi atafute wa kumwita. Wazee wa lukolo walikaa jana. Hakuna mpwa mwingine wa Simon. Nimewaambia mtambo upewe mtoto wake, na kama desturi inakataa, desturi ije ikae kibandani mvua ikinyesha. Hawakupinga. Ufunguo uko kwangu, kwenye msumari wa picha ya Bikira Maria.

Mahakama imefunga, lakini mzee Fransisko bado anapita hapa kila asubuhi na hajui kwa nini mkewe alikufa. Anadhani ni usingizi wa mwanangu.

Sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakuambia.

Shangazi yako,
Yuliana


Mwanza
20 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii naituma kwa basi la leo ili itutangulie. Mama anakuja pamoja nami, nimemwambia yote.

Mwambie mwalimu Victor abonyeze Hapana kila kikirudi, na mpaka nifike mtu akae zamu mtoni kwa macho yake, asikiamini kile kioo. Nitaukamilisha mtambo, na kile kisanduku nitakiondoa. Jina la baba litabaki mnarani, maneno yake ya mwisho hayatabaki.

Tutapanda na gari la mboga siku ya Jumatatu. Ufunguo uache msumarini. Kabla ya kwenda kibandani nitapita kwanza kwa mzee Fransisko, na naomba twende wote, usimame mlangoni ili asikie kwamba wewe ulikuwepo na Erick alipiga simu.

Upendo